Kibarua cha Kuugua

Mwenzangu, sikia ya leo. Si nilikwambia mjukuu wangu kapata kibarua cha asubuhi chuo cha wauguzi, ili mchana awahi mazoezi ya kuigiza? Kazi yenyewe hakuitaja. Mimi nikajua anafagia.

Leo kasahau funguo, nikampelekea chuoni. Nafungua mlango nilioelekezwa, namkuta kitandani, kashika tumbo, anagaagaa, wanafunzi wamemzunguka wakiandika.

Nikaangua kilio. Nikamkumbatia palepale kitandani. "Mnaandika nini, na mtoto anakufa!"

Ananinong'oneza, "Bibi, naigiza. Nyamaza, watanifukuza."

Mimi wa kunyamaza? Nikaona sasa anaweweseka, nikazidisha.

Kumbe ndiyo kazi yake. Kuugua, mwenzangu. Analipwa kuugua, wanafunzi wapimwe kama wanajua kuhudumia mgonjwa.

Mwalimu wao akanisogelea, nikajua kazi ya mtoto imekwisha. Akasema, "Mama, ndugu wa mgonjwa anayelia hivi sijapata kumwona. Nani kakuleta?"

Mjukuu akainua kichwa. "Tuko pamoja."

Kibarua kimepona. Ila Alhamisi natakiwa na mimi, nikalie kwa malipo, na mjukuu kaninunia njia nzima. "Bibi, kule mazoezini kila siku naomba nicheze sehemu ya kulia, wananipa ya kufungua mlango."