Reli Yangu Inapinda

Jumanne usiku.

Ati reli ilikuwa sawa, rafiki yangu Hamisi anasema! Alifunga duka lake mjini akaja kuona ubao wangu wa mlima, ule tutaunganisha na wake Jumamosi ndiyo treni yetu ndogo ya mfano ipite. Mlima nilifanya na magazeti na gundi ya unga wa ngano. Shamba la chai ni majani ya chai yenyewe, niliyakausha juani. Nani mwingine angefikiria hiyo?

Lakini reli inapinda katikati. Nimeing'oa mara mbili nikainyoosha.

Hamisi akaweka behewa, likaanguka. Akasema, "Mzee Gitonga, jana ilikuwa imenyooka. Wewe ndiye unaipinda."

"Mimi nimejenga nusu ya nyumba za mtaa wa Ruring'u. Wewe muuza viatu utanifundisha kunyoosha kitu?"

Akalaza rula kando ya reli. Na rula pia ikapinda.



Alipoenda nikafunga jicho la kushoto, rula ikanyooka. Nikafunga la kulia, ikapinda tena, na katikati kuna kitu cheusi kama masizi. Nilisugua jicho. Hakitoki.

Baba alianza hivi hivi. Mwishowe tulikuwa tunamwekea kijiko mkononi.

Naogopa, hiyo ni ukweli. Mke wangu Wambui anafikiri nimemnunia Hamisi. Aliniletea chakula akauliza, "Kwani huo mlima umekushinda?"

Nikamwambia ndiyo, umenishinda. Akaniangalia sana, maana hajawahi kunisikia nikisema hivyo.