Stempu ya Marehemu Aliye Hai

Jumatatu, 6 Mei

Nimemkosea shangazi yangu. Nimemuua — kwa mdomo tu, kikaoni, chai mkononi.

Seti yetu ya stempu za historia ya ndege, ninayoisanifu mimi, ina picha nne. Ya nne ni yeye: fundi wa ndege, yuko juu ya ngazi, spana mkononi, uso kaugeuzia kamera, anacheka. Nzuri kuliko zote. Mkuu wa ofisi akauliza, huyu mama yu hai? Maana kanuni yetu inajulikana: aliye hai haingii kwenye stempu. Nikasema, alishatangulia. Likatoka laini, kama mtu kaniuliza saa. Wakanipa pole. Nikapokea!

Sikusikia kitu moyoni. Hata sasa.

Jumanne, 7 Mei

Nimeshinda napaka anga nyuma ya kichwa chake. Buluu ilikuwa kali, nikaipunguza. Mchapaji kapita, kasema marehemu alikuwa na meno mazuri. Nikasema ndiyo. Bado anayo, nadhani. Sijakanyaga kwake tangu tumzike baba.

Jumatano, 8 Mei

Njia ya mwongo fupi. Katibu wa ofisi kampigia mke wangu kumpa pole ya msiba. Mke wangu kashtuka, kampigia shangazi kuhakikisha — kapokea mwenyewe!

Nimerudi, chakula kimefunikwa, mke kanuna. Kasema neno moja tu: marehemu anataka umpigie.

Sikupiga. Nimekula. Nimelala.

Alhamisi, 9 Mei

Kapiga yeye.

"Mwanangu, nasikia nimekufa. Mlinizika wapi, nije nipalilie?"

Nikaeleza: stempu, kanuni, mkuu. Nikangoja matusi.

"Picha ipi? Ile ya ngazi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ile nilitoka vizuri. Basi niache nife! Nimekaza nati za ndege mpaka viganja vikaota sugu, na kila picha walinikata, wakabaki marubani na kofia zao. Leo nimepata stempu, uniondoe kisa napumua? Thubutu!"

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Ila nikuulize. Walipokuuliza kama nipo — wewe ungejuaje? Ulikuja lini kuangalia?"

Akakata.

Nikabaki na simu sikioni. Chozi hakuna.

Ijumaa, 10 Mei

Bamba la kuchapia linatengenezwa Jumatatu mchana. Mkuu kataka niandike maelezo ya kila picha. Tatu nimeandika. Ya nne nimeandika "Marehemu", nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta.

Nikisema kweli, shangazi anatoka kwenye stempu, na mimi huenda natoka ofisini. Nikinyamaza, anabaki — maiti. Mwenyewe karidhia, eti. Lakini swali lake halikuwa la stempu.

Jioni nimemuuliza mke wangu: mlango wa shangazi ni ule wa kijani au wa pili yake? Kanitazama. Kainuka kuondoa vyombo.

Sawa. Jumapili, kabla ya adhuhuri, nitakwenda mwenyewe, sitatuma mtu. Nitachukua nakala ya mchoro wa stempu yake niliyoichapa kubwa, aione. Nitabisha milango yote miwili ikibidi. Nitamwambia ana kwa ana kwamba Jumatatu asubuhi, kabla bamba halijatengenezwa, nitasimama mbele ya mkuu niseme: yu hai, nimetoka kwake jana. Akinifukuza, anifukuze.

Ila kwanza nitakaa naye.