Semina Isiyo na Bahasha

Alhamisi, 5 Juni

Nimebandika chai, nimeoga, nimeenda studio kusoma bei za samaki na pamba kama kila siku. Sangara wamepanda. Pamba bado wanavutana bei.

Nilipotoka hewani Bwana Mafuru, mkuu wa kituo chetu, akaniita ofisini. Fundi mitambo amepata kazi Mwanza. Ataondoka tarehe 19 na hataajiriwa mwingine. Baada ya hapo kila mtangazaji atahariri kipindi chake mwenyewe, kwa simu au kwa kompyuta, atajijua. Asiyeweza, muda wake utapigwa muziki.

Kipindi changu ni Jembe na Nyavu. Jumatano asubuhi, wakulima na wavuvi. Nilikianza mwanangu wa mwisho akiwa ananyonya, sasa ana ndevu. Miaka yote hiyo mimi narekodi, fundi anakata, mimi nakunywa chai. Kipindi cha kwanza bila fundi ni Jumatano ya tarehe 25.

Sikulia. Nimekasirika. Muziki umejaa kila bajaji ya Musoma, nani ana shida nao?

Edina anaanzisha mafunzo Bunda, ukumbi wa parokia, Jumamosi zote za mwezi huu. Kurekodi, kuhariri kwa simu, kupiga picha. Nilifanya naye kazi hapa kituoni kabla hajaenda Dar. Ada yake ndogo, haifiki ninachomaliza kwa vocha. Nimejiandikisha.

Jumamosi, 7 Juni

Bunda. Ukumbi umejaa waandishi. Wa Musoma, wa Bunda, hata mmoja wa Kibara aliyefika na matope kwenye viatu. Nikajisemea, kumbe tumeamka.

Edina anafundisha vizuri. Simu isogezwe kwa anayeongea, siyo kwako. Upepo unakingwa kwa soksi tu, safi, unaivisha simu. Nimeandika yote.

Jioni akasema asanteni, tuonane Jumamosi. Hakuna aliyenyanyuka.

Mimi nilielewa palepale. Semina kwetu ina mwisho wake: karatasi ya kusaini inazunguka, bahasha zinafuata, ndipo watu wanakumbuka kwamba wana safari. Walikuwa wanasubiri karatasi. Na wengi hata ada hawakuwa wamelipa, walidhani itakatwa humohumo kwenye posho.

Edina masikini amezoea kufundisha watu wanaojilipia. Akaona tumekaa, akadhani hatujashiba. Macho yakamng'aa. Akawasha tena projekta, akatuongezea somo la kupunguza kelele. Watu wamekodoa macho mlangoni, yeye anaendelea. Alipomaliza akauliza kama kuna swali. Mwenyekiti wa chama chetu cha waandishi akanyoosha mkono.

"Dada, tunasainia wapi?"

"Kusaini nini, kaka?"

"Sisi huwa hatulipagi kujifunza. Tunalipwaga."

Nilicheka mpaka machozi. Nilicheka peke yangu. Wamenitazama vibaya, nami sijali.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani, kisha nyumbani. Kwenye grupu la waandishi Mwenyekiti ameandika kwamba mafunzo ya Bunda ni utapeli na yanadhalilisha taaluma. Mwanachama yeyote asirudi. Chini yake vidole gumba vimepangana kuanzia juu hadi chini. Watu wazima hawa.

Edina ameniandikia pembeni. Tukibaki wachache atashindwa na ukumbi, itabidi aache.

Nimemjibu nakuja. Kisha nimeandika na kwenye grupu: mimi naenda. Sikuweka hata salamu.

Jumamosi, 14 Juni

Tumekuja wawili. Mimi na Marwa, wa hapahapa Bunda, anayeandikia gazeti. Alikaa nyuma kabisa, mkono shavuni, begi hajafungua. Wakati wa chai akanisogelea.

"Dada, usinifikirie vibaya. Nimetumwa tu kuangalia nani kaja."

Nimemwambia aandike jina langu kwa herufi kubwa.

Somo lilikuwa picha. Edina akaeleza kwamba picha ukiituma kwa njia ya kawaida ya grupu, simu inaibana, inafika imefifia, gazeti haliwezi kuitumia. Itume kama faili, inafika nzima. Marwa akanyoosha shingo. Gazeti lake limekuwa likimkatalia picha muda mrefu, naye akalaumu simu, akanunua nyingine, wakamkatalia tena. Akasogeza kiti. Baadaye akasogeza tena. Kufikia jioni alikuwa mbele yangu ananizibia ubao.

Viti vyote vile vitupu, na Edina hakufupisha somo. Alifundisha kwa sauti ileile ya ukumbi uliojaa. Nimempenda kwa hilo.

Jumanne, 17 Juni

Nimetolewa kwenye grupu. Hakuna maelezo. Nilikuwa nachambua mchele, simu ikalia, nikasoma kwamba Mwenyekiti ameniondoa.

Mialiko yote inapitia mle. Uzinduzi, wageni, semina zenye bahasha. Imeniuma, hapa naweza kusema. Nimenunua furu, samaki wadogo wa ziwani, nimewakaanga wakakauka mno, nimewala hivyohivyo kwa hasira.

Sitaomba kurudishwa.

Nimefanya mazoezi kwa kumrekodi jirani akigombana na kuku wake. Nikakata, nikaunga, ikapendeza, nikabonyeza sipo, vyote vikafutika. Nikatoka kurekodi tena. Kuku hakurudia.

Ijumaa, 20 Juni

Bwana Mafuru amenipangia kazi ya kesho. Uzinduzi wa hoteli hapa mjini.

"Uende, dada Nyangeta. Hii ina kitu."

Siyo mtu mbaya. Anaamini ananisaidia. Pia yeye na Mwenyekiti wanakunywa soda pamoja kila jioni, na najua kinachoongelewa. Nikamwambia kesho nipo darasani. Akasema mafunzo ya kujilipia ni ya watu wasio na kazi, na nikikosa hoteli kesho, basi Jumatano nisijisumbue kuleta kipindi.

Nikamjibu Jumatano kipindi kitakuwa mezani kwake, kimekatwa na kuungwa. Akitaka apige muziki juu yake.

Nikatoka mpaka getini bila kugeuka.

Sasa ninaogopa. Nimebakiwa na kesho tu kujifunza kukata sauti, na hata kuku wamenishinda.

Jumamosi, 21 Juni

Ukumbi wa Bunda una harusi. Edina ametuhamishia Butiama, sebuleni kwa dada yake, projekta inamulika kwenye pazia. Marwa amekuja. Na yule wa Kibara mwenye matope amerudi, anaitwa Masatu. Kumbe Jumamosi iliyopita alikosa kwa sababu ya msiba tu. Kwenye grupu hajibugi kitu, anasoma na kunyamaza.

Leo tumekata sauti. Inaonekana kwenye kioo kama milima midogo. Palipo bapa ni kimya, palipopanda mtu anaongea. Edina akatuambia kila mmoja alete mahojiano yake ya zamani. Nikaleta ya mkulima mmoja wa pamba. Nimejisikiliza kwa mara ya kwanza bila fundi kunisitiri. Mzee wa watu kila akianza sentensi, mimi "eeh". Akifika kwenye uchungu, mimi "eeh, eeh". Nimeona aibu ya kweli. Fundi amekuwa akizifuta siku zote na hajawahi kuniambia.

Nimezikata zote, moja moja. Safari hii hakikufutika kitu.

Kutoka pale nimepanda bodaboda hadi Buswahili kwa mama. Hotelini Musoma watakuwa wameshasaini.

Jumapili, 22 Juni

Misa, kisha kazi. Mashine ya kusaga ya hapa imekufa tangu Pasaka. Akina mama wanatwanga udaga kwa mikono, muhogo mkavu mgumu kama kokoto, asubuhi mpaka jua linakuwa kali. Mama yangu na umri wake naye anatwanga.

Niliivisha simu soksi. Wakacheka wakashindwa kushika mchi. Mmoja akauliza kama simu yangu inaona baridi. Nikawaacha wacheke, nikarekodi na kicheko.

Kisha wakaongea. Nilijibana mdomo, sikusema "eeh" hata mahali ilipotaka kutoka yenyewe. Mama alisema, "Wanakujaga kuipima hiyo mashine, wanapima, wanaondokaga. Sisi tunatwanga." Halafu akanyamaza, akavuta pumzi, akaendelea kutwanga. Simu imechukua yote.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeomba ruhusa ya siku moja, bei za samaki zitasomwa na mwingine. Nimekaa barazani kwa mama na hiyo milima ya sauti tangu asubuhi. Nimekata kikohozi, nimekata mbwa, nimekata kila sehemu bapa. Nikaona safi. Nikampa mama asikilize.

Akasikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Huyu siyo mimi. Mimi huwa napumuaga."

Nikasikiliza tena. Kweli. Nimemfanya mama yangu kama dalali wa mnadani, maneno yanakimbizana, mtwango hauna nafasi. Nikaona hasira, kwanza kwake, halafu kwangu. Nikaanza upya. Nimerudisha pumzi zake zote. Nimerudisha na mbwa.

Jumanne jioni nitakiweka mezani kwa Bwana Mafuru. Asipokirusha, akina mama hawa watakuwa wamenichekea bure.

Jumatano, 25 Juni

Jana nilikiweka. Hakuinua macho.

Leo nimeenda studio mapema, nikasoma bei, nikakaa kwenye benchi la nje penye spika. Nilikuwa nimejiandaa kusikia muziki. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, nimeyapanga tangu nyumbani.

Ikaja ngoma ya kipindi. Halafu mchi kwenye kinu. Halafu kicheko. Halafu mama.

Bwana Mafuru alitoka akasimama mlangoni na kikombe chake. Kipindi kilipofika pale mama anaponyamaza na kuvuta pumzi, aliacha kukoroga. Kipindi kilipoisha akasema, "Wiki ijayo uniletee mapema kidogo." Akarudi ndani.

Ndiyo yote. Maneno yangu makali nimerudi nayo nyumbani.

Mchana Mwenyekiti alinipigia. Salamu ndefu, familia, afya, hali ya hewa. Mwisho akauliza upepo niliuondoaje, maana yeye kila akirekodi nje anapata kelele tupu. Nikamwambia ni Jumamosi, Bunda, ukumbi wa parokia, na ada analipwa Edina. Akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 28 Juni

Bunda. Siku ya mwisho. Mimi, Marwa, Masatu. Na wawili kutoka kwenye grupu, waliolipa ada mlangoni na kuniomba nisiwataje. Sijawataja hata hapa. Mwenyekiti hakuja. Grupu bado sijarudishwa, na wiki hii nimegundua kwamba simu yangu imetulia.

Marwa alileta gazeti. Picha yake imetoka, wachuuzi wa pamba na mizani, ina jina lake chini. Ililala mezani siku nzima na kila mmoja alijifanya anaitazama kwa bahati.

Somo lilikuwa kulinda simu isiibiwe taarifa. Jua limeshuka, wasafisha ukumbi wakaanza kupanga viti vya nyuma. Edina akasema asanteni, tumemaliza. Akafunika projekta.

Hakuna aliyenyanyuka.

Akatutazama mmoja mmoja. Niliona uso wake ukibadilika, safari hii amejifunza. Akauliza polepole kama kuna kitu tunasubiri kusaini.

"Hapana, mwalimu," Marwa akasema. "Endelea kidogo."

Edina akaifunua projekta. Nikasogeza kiti mbele.