Poda ya Kocha

Jumamosi

Mtupu! Mkebe wa poda ya Ulaya, ule kocha alionipa jana ninywe na maziwa, nipate nguvu za pambano la kesho. Mama ameipika poda yote uji wa wadogo zangu. Nilipofoka, akanishangaa: «Unataka kula peke yako sawa mulozi, muchawi?» Akanisogezea lituma, ndizi za kupondwa, na mbinzo, viwavi wa kukaanga, chakula changu cha kila siku.

Jioni mazoezini nilipiga ngumi mpaka kocha akarudi nyuma. «Bon, citoyen, poudre iko inatumika!» akasema, akidhani ni poda inayonipa nguvu.

Kesho naiogopa, kweli naiogopa.

Kocha ameahidi kwamba nikishinda ataleta mkebe mwingine. Wadogo zangu wameshaanza kuniombea.