Tumbo la Ng'ombe wa Bati

3 Machi

Kwako kifungua mimba wangu,

Pokea salamu za mama yako. Kile kifua kimepona? Huku tu wazima, ila amani hatuna.

Lile shamba usilitafute tena. Ulianza ule mtambo wa kukamua miwa. Ng'ombe akizunguka, watoto wa wateja wanadandia boriti na kucheka. Mdogo wako Fundi, si unajua mikono yake na kuchomelea, akaning'iniza viti kwenye boriti, halafu ng'ombe wa bati wa kupanda. Zikafuata bembea na mitelezo. Sasa Jumamosi watu wanajaa, miwa imebaki mistari miwili.

Jana alitaka kuikata hata hiyo. Baba yako akamtandika mjeledi wa ng'ombe mpaka shati likagandana na mgongo. Fundi akamwambia, "Ukinigusa tena, nitasahau kuwa wewe ni baba." Mzee akafuata panga. Nilishaliwahi. Nimelificha tumboni mwa ng'ombe wa bati, kuna kifuniko kwa chini. Tunajua mimi na wewe tu.

Mama yako

24 Machi

Mama, shikamoo. Kifua kimepona.

Nimewaandikia wote wawili watulie. Ila hilo panga litoe tumboni mwa ng'ombe wa bati ulitumbukize chooni. Watoto wanapanda hapo, Mama. Usingoje.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu, u hali gani? Mwandiko usikushtue, huu ni mkono wa kushoto.

Miwani yangu ilivunjika siku ile ya mjeledi. Kuandika napapasa tu, kusoma siwezi. Sikukwambia, niliona utaumia bure. Barua yako ilipofika baba yako alikuwa mpole, akasema, "Lete nikusomee, mama watoto." Nikampa. Akasoma taratibu mpaka pale kwenye tumbo. Akaikunja vizuri, akanirudishia, akatoka.

Nilimkimbilia, nikakuta ameshalitoa panga. Pigo alilomkusudia Fundi nikalipokea mimi, kiganja kikabaki majanini. Fundi akaokota bomba la chuma. Alimpiga baba yake hata alipokwisha kunyamaza.

Tumemzika katikati ya mistari ile miwili. Fundi yuko mahabusu, hali chakula, anaulizia mkono wangu tu.

Usijilaumu. Aliyeficha habari ya miwani ni mimi.

Jumamosi watu walikuja, hawana habari. Watoto wakamdandia ng'ombe wa bati, wakaningoja. Sikuwafukuza. Nikaisukuma boriti kwa mkono uliobaki. Kifuniko cha tumbo kinaning'inia, kila mzunguko kinagonga.

Njoo ukifunge.

Mama yako