Nazi Moja kutoka Paje

Mtaa wa Sokomuhogo,
Unguja Mjini.
Jumapili, 14 Oktoba 1956

Ami yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limepoa. Mama ameniuliza mara mbili kama nimekuuliza habari ya goti, basi nakuuliza na mara ya pili kwa niaba yake. Je, Bi Mwatum hajambo? Na Usi ameshaanza chuo cha Kurani, au bado anajificha uvunguni kila mwalimu akipita?

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini anafagia ua mwenyewe na hataki kupokewa ufagio. Mtaa umeanza kupambwa kwa ajili ya Maulidi. Vuli bado haijaanza, na kisima chetu kimepungua hadi tunasikia ndoo ikigonga jiwe.

Ami, barua yako niliipata siku tisa zilizopita. Niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma tena nimekaa. Umesema kuna mtu amekujia huko Mombasa akakwambia kwamba alimwona binti wa marehemu Muhiddin, huku Unguja, hospitali ya pwani, akipita ukumbini na bakuli la mkojo wa mtu asiyemjua. Umesema ukoo wetu haukufikia hapo, na kwamba hutatia saini ile karatasi ya kuniruhusu kuendelea na mafunzo ya ukunga, mpaka nikueleze ni kazi gani hii.

Ni kweli, nilibeba. Sitaki kuanza barua hii kwa kukuficha jambo. Tangu baba afariki wewe ndiye walii wangu, na bila jina lako kwenye karatasi ile Sista Mkuu hawezi kunipokea. Mwisho ni tarehe thelathini na moja. Siku hizi tisa nimekaa nikitafuta maneno ya kukueleza, na kila nililoandika lilikuwa kama insha ya shule. Kisha ikaja juzi Ijumaa.

Asubuhi mapema gari ya shamba ilimleta mwanamke kutoka Paje, jina lake Sichana, mwenye uchungu tangu jioni ya jana yake. Mikono yake ilikuwa bado inanuka makumbi, maana uchungu ulimkuta pwani akifukua makumbi yake ya nazi, yale ya kusokotea kamba. Aliyemleta ni mkunga wa kijiji, Bi Mwanapili, bibi mfupi wa miaka sabini hivi, mdomo umejaa tambuu. Sheria ya hospitali ni kwamba wakunga wa shamba wanabaki barazani. Bi Mwanapili akaambiwa akae, akakaa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka chumba cha dawa, "Haya. Nimewaletea mzigo, nimegeuka mchukuzi."

Mtoto alikuwa amekingama tumboni, kichwa ubavu huu na miguu ubavu ule. Mtoto wa namna hiyo hatoki, Ami. Asipogeuzwa au mama asipopasuliwa, hufa wote wawili. Sista Mkuu akajaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo. Mtoto alikubali nusu njia, kisha akarudi pale pale kama mlango wenye bawaba mbovu. Daktari akaamuru chumba cha upasuaji kitayarishwe, lakini mezani palikuwa na mtu mwingine ambaye hakuweza kuondolewa. Sichana akanishika mkono akasema, "Niitie bibi yangu. Nikifa nife naye."

Sista Mkuu ni mwanamke wa sheria. Miaka miwili nimemwona akituma vitanda vinyooshwe upya kwa sababu ya kunyanzi moja la shuka. Lakini mara hii akanambia, "Kamwite yule bibi. Anawe mikono kwanza."

Bi Mwanapili akanawa. Akatutazama sisi tuliokizunguka kitanda, akasema, "Mmeinama hivyo mnatafuta sindano iliyoanguka? Mpeni mwenzenu pumzi." Akapaka mafuta ya nazi viganjani, akaweka mikono yake juu ya tumbo lile, na hakufanya kitu. Kwa muda mrefu hakufanya kitu kabisa. Alikuwa anasikiliza kwa viganja. Kisha akanambia, "We mwenye kofia, shika hapa. Usibonyeze, hukandi unga."

Nilishika. Nikamsikia mtoto chini ya ngozi, kitu kigumu cha mviringo, na nikajua ni kichwa. Bi Mwanapili alingoja uchungu upite, akasogeza upana wa kidole, akangoja tena. Alimsemesha mtoto kama anayemwamsha mtu mzima kwa adabu: "Njoo, baba, njia ni huku. Hapo ulipo hapana mlango." Daktari alikuwa ameshaingia, mikono yake iliyooshwa ameiinua mbele ya kifua asiguse kitu, kama mtu aombaye dua.

Nikasikia kile kitu cha mviringo kikiondoka mikononi mwangu, taratibu, kikishuka. Ami, nimesoma darasani jinsi mtoto anavyokaa, nimechora picha na nikapata alama. Lakini siku hiyo nilisikia mtu ambaye bado hajazaliwa akikubali kufuata njia. Nilitaka kulia na nilitaka kusujudu, na sikufanya lolote, maana mikono yangu ilikuwa na kazi.

Saa tano Sichana alijifungua mtoto wa kiume, kichwa mbele, akilia kwa hasira.

Sasa nikueleze kosa langu, kwa sababu barua hii haina maana nisipolisema.

Kondo la nyuma lilipotoka nililipokea kwenye sinia. Nikalikagua kama tulivyofundishwa, nikaona limetoka zima, nikaandika kitabuni. Nikalitia kwenye ndoo ya bati, nikafunika, nikalipeleka nyuma ya hospitali kwenye tanuri linakochomwa kila kisichotakiwa. Nikabaki kuosha vyombo mpaka baada ya adhuhuri, kisha nikarudi nikijisifu moyoni kwa mwandiko wangu mzuri.

Nikamkuta Bi Mwanapili ametandika kipande cha kaniki na chungu kipya pembeni. Akanambia, "Haya, lete nilifunge."

"Nini, Bi?"

"Kondo la mtoto. Nini tena?"

Nikamwambia nilikolipeleka. Sichana, aliyekuwa amevumilia usiku na asubuhi bila kupiga ukelele, akajifunika uso kwa kanga akalia. Alikuwa akisema, "Mwanangu hana kwao. Mwanangu hana kwao tena."

Bi Mwanapili hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda akasema polepole, "Mwaka mzima nawabembeleza wanawake wa Paje. Nawaambia, yakizidi twendeni Mjini, kule hawali watu. Huyu ndiye wa kwanza kukubali. Nikirudi leo mikono mitupu, nani atapanda gari na mimi? Watafia ndani, na mimi nawatazama."

Sista Mkuu alisema kuwa hawakujua, na kwake yeye ni kweli. Lakini mimi, Ami? Baba mwenyewe alinionyesha, nikiwa na miaka sita, mahali lilipozikwa langu, chini ya mkomamanga wa ua wetu huu. Nilijua. Nilikuwa nimejifunza kitabu vizuri mpaka nikasahau nililolijua.

Nilikimbia. Anayewasha tanuri ni mzee mmoja, Borafya, na kila siku huliwasha kabla ya adhuhuri. Kilichoniokoa ni Ijumaa. Alikuwa amekwenda kusali kwanza. Nilipofika alikuwa amesharudi, kanzu ameipandisha kiunoni, anamimina mafuta ya taa.

"Borafya, ngoja!"

"Naam! Kuna nini tena, nesi? Humu hamna cha kuokotwa."

"Kimo. Nipishe."

"We binti, utachafua gauni la Serikali!"

Nikapiga magoti nikazitoa ndoo moja moja, nne zisizokuwa zetu, na ya tano ilikuwa yetu. Sikungoja kutafuta chombo kingine. Nililibeba kwa mikono yangu miwili, nikapita nalo ukumbini kati ya watu wote. Ikiwa yule rafiki yako wa Mombasa alikuwapo tena, Ami, basi na hilo ameliona.

Bi Mwanapili alilifunga ndani ya kaniki, akalitia chunguni. Nilinyoosha mkono kumuaga. Akaniwekea chungu mkononi. "Aliyelitoa ndiye atakayelirudisha," alisema. Nikamtazama Sista Mkuu, naye akanipa ruhusa mpaka jana jioni. Mama alipopelekewa habari alisema tu nivae buibui nzuri, maana nakwenda kwetu, kwa kina babu.

Paje tulifika baada ya alasiri. Nyuma ya nyumba ya Sichana nilipewa jembe. Ardhi ya kule ni mawe matupu, unaijua. Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, na Bi Mwanapili amekaa ananitazama akitafuna tambuu. Alipoona shimo limefika akaomba dua, mimi nikaweka chungu, tukafukia. Ndipo akaniuliza, "Wa nani wewe?"

"Wa Muhiddin Makungu."

"Muhiddin aliyehamia Mjini? Nduguye Machano?"

"Machano ni ami yangu."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Akaninyanyua, akanipitisha nyuma ya ukuta wa mawe wa nyumba ya babu, ambayo sasa haina paa, akanisimamisha mbele ya mnazi mrefu ulioinamia upande wa bahari.

"Machano huyu hapa," alisema.

Sijui kama uliwahi kuambiwa, Ami, maana uliondoka Paje mdogo. Ulikingama. Ulikaa tumboni kama mtoto wa Sichana, kichwa ubavu huu na miguu ubavu ule, na bibi yangu alikwisha kupiga shahada. Mkunga alikuwa mamake Bi Mwanapili, lakini wiki ile mkono wake ulikuwa umevimba na hakuweza kuukunja. Akamwambia binti yake, "Mwanapili, tia mkono." Alikuwa na miaka kumi na tisa, kama mimi. Alikuwa hajawahi kumgeuza mtoto. Wewe ndiye wa kwanza. Kondo lako alilizika yeye, na juu yake babu akapanda mnazi huo.

Niliweka kiganja kwenye shina, na nikarudishwa kwenye kile kitanda cha asubuhi, mtu akiondoka taratibu mikononi mwangu. Nilifikiri: kama mkono wa yule msichana ungetetemeka, nisingekuwa na ami wa kuniandikia barua. Sijui kukueleza zaidi ya hapo. Nilikuwa nikidhani nimeichagua kazi hii kutoka kitabuni, kumbe ilikuwa nyuma ya ukuta wa babu, ikinisubiri.

Jana asubuhi, nilipokuwa nangoja gari, alinijia mwanamke kijana mwenye mimba ya miezi saba. Habari za chungu zilikwisha kumfikia. Hakunisalimu kwa maneno mengi. Aliniuliza, "Mfunguo Nane utakuwepo wewe huko hospitali? Ukiwepo, nitakuja." Nikamwambia nitamletea jibu kupitia kwa Bi Mwanapili. Jibu lenyewe sinalo, Ami. Unalo wewe.

Karatasi nimeikunja humu ndani. Ukitia saini, mpe Mkadam anayekuletea barua hii, atarejea kabla ya mwisho wa mwezi. Ukiona haifai, irudishe hivyo hivyo tupu. Nitavua kofia na nitakaa nyumbani na Mama, na sitasema neno baya juu yako kwa mtu yeyote. Lakini nitakuwa nimekueleza ni kazi gani.

Mkadam ana na kikapu chenye nazi moja. Usicheke, najua Mombasa nazi hazina idadi. Hii imeangushwa jana kutoka mnazi wako. Bi Mwatum akae kwenye mbuzi aikune, muilie wali, halafu ndipo uisome karatasi.

Mama anakusalimu sana, na anasema dua zake za alfajiri haziishi bila jina lako. Nisalimie Bi Mwatum, nibusie Usi, na mwambie uvunguni kuna nge. Mola akuweke katika hifadhi yake, akuponye goti, na akuongoze kwenye lililo la kheri kwako na kwetu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na nikungojaye,

Wanu Muhiddin

Baada ya saini: Nilikuwa nimekusudia kuuacha ujumbe wa Bi Mwanapili, lakini ujumbe ni amana, na aliniapisha. Amesema: "Mpe Machano salamu zangu. Mwambie alipotua mikononi mwangu, kitu cha kwanza alichofanya ni kunikojolea kifuani, na kanga yangu ilikuwa mpya. Mbona mimi sikumwandikia mtu barua?"