Dramu za Albamu ya Pili Si Zangu

Chumba namba 6,
Nyuma ya karakana ya makochi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Kwanza kabisa mguu. Mama ameniambia umeanza kuvimba tena, na wewe bado unasimama kutwa kwenye mashine za kufulia kana kwamba una miguu ya akiba kabatini. Umekwenda kwa daktari, au umepanga tu kwenda? Nijibu hilo kabla ya mengine yote. Na mumeo je, kikohozi kimemwachia? Wale pacha wameshaacha kuvaliana viatu?

Huku hatujambo. Mama mzima, ila amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi kila mahali, hatupumui. Mimi mwili mzima. Roho yangu utaijua ukisoma.

Barua yako ilinifikia Jumanne nikiwa kazini, mikono imejaa gundi. Umeandika kwamba umeinunua albamu yetu ya pili, kwamba mnaisikiliza kwenye chumba cha kupigia pasi, na kwamba ukifika wimbo wa tatu unazima mashine zote ili uwaambie wenzako, "Huyo kwenye dramu ni mtoto wa kaka yangu!" Shangazi, niliisoma, nikaikunja, nikaenda chooni nikatapika. Sikutanii. Fundi mkuu alinitazama tumbo siku nzima.

Zile dramu si zangu. Za wimbo wa tatu si zangu, za wimbo wa kwanza si zangu, na kwenye albamu nzima hakuna mahali unaposikia mikono yangu ikifanya kazi. Ningeweza kuliacha hivyo hivyo ukaendelea kufurahi, lakini nimeshalimeza kwa miezi mitano na halishuki.

Albamu ya kwanza unaijua. Tulirekodi kwa siku nne kwenye stoo ya mchomelea vyuma, magodoro yameegemezwa ukutani, tukiwa watatu tu: mdogo wangu akiimba na kupiga gitaa, mimi kwenye dramu, na yule mpiga besi wetu ambaye mchana ni msaidizi wa daktari wa meno. Wimbo wa sita kuna mtu anapiga chafya, na hadi leo hakuna aliyekubali kuwa ni yeye. Mimi, kama unavyonijua, nilikuwa nakimbia mbele, wenzangu wananifuata wakihema. Watu waliipenda roki yetu kwa sababu hiyo hiyo. Ilikuwa na jasho.

Ndipo kampuni ikatuita tufanye ya pili. Wakatupa prodyuza wao, mtu nadhifu mno, shati jeupe kila siku. Tulimbandika jina la Sabuni, maana kila ulichomwuliza alijibu, "Usijali, tutasafisha." Studio yake ina zulia jeupe na inapulizwa manukato kila baada ya saa moja. Lakini yeye mwenyewe alikuwa anakula mayai ya kuchemsha pale pale mezani, maganda anarundika kwenye kisosi, halafu anakuja kunielekeza kitu na kufuta vidole kwenye ngozi ya ngoma yangu. Ngoma yangu, shangazi! Nilikuta vipande vya kiini. Nikachukua kitambaa, nikafuta, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kulianzia hapo.

Nilipiga kwa siku tisa. Wimbo mmoja ulirudiwa mara ishirini na sita. Malengelenge yalipasuka, nikafunga bandeji, nikaendelea. Siku ya tisa nilitoka pale nikiwa siwezi kushika kijiko, na nilikuwa na furaha kama mjinga, maana nilijua kabisa kwamba sijawahi kupiga vizuri vile maishani mwangu. Hasa wimbo wa tatu. Ule nilioutunga kwa ajili ya baba.

Baada ya wiki sita tukaitwa ofisini kwao kusikiliza kazi iliyokamilika. Wimbo wa kwanza ulipoanza nilidhani wamekosea, wameweka bendi nyingine. Sauti ya mdogo wangu ilipoingia ndipo nikashtuka. Dramu zilikuwa zimenyooka kama cherehani, tik tak, tik tak, bila pumzi, bila kukosea, bila mtu. Nikauliza nani amepiga.

"Wewe," Sabuni akasema.

"Mimi sipigi hivyo."

"Nimechukua pigo lako moja la kila ngoma, lile zuri kuliko yote, kompyuta ikalirudia. Ni wewe yule yule, nimekunyoosha tu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekurudishia nguo yako ameipiga pasi na anangoja asante. Mpiga besi akawa anachunguza viatu vyake. Nikamgeukia mdogo wangu, na kwa jinsi alivyokwepa macho yangu nikajua alikuwa anajua tangu mwezi uliopita. Nilipombana kwenye ngazi aliniambia maneno ambayo hadi leo yananuka masikioni.

"Dada, watu hawasikii tofauti."

Sasa utaniuliza kwa nini sikulipua lile jengo. Shangazi, majalada yalikuwa yameshachapwa. Jina langu lipo pale, Kishindo, na mbele yake neno dramu. Nilijiambia hali itatulia. Nikakubali kwa kichwa. Nilikaa nao mezani, nikanywa soda yao, nikapiga picha nikicheka. Ninamchukia Sabuni, ndiyo, lakini yule mwanamke anayecheka kwenye ile picha ananichefua zaidi.

Albamu ikatoka, na sifa zikaanza kumiminika kama maji ya mtaroni. Mwandishi mmoja wa gazeti aliandika kwamba mpiga dramu "hatimaye amekua, ameacha pupa." Amekua! Kile kitu anachokiita mimi kuacha pupa ni mimi kutokuwepo. Mama akalikata lile gazeti akalibandika mlangoni mwa kabati, na kila asubuhi nikitoa kikombe ninajisoma nikisifiwa kwa kufutwa.

Likafuata jambo baya kuliko yote, na ninaliandika ili usiendelee kunihurumia kupita kiasi. Tulialikwa redioni. Mtangazaji, msichana mchangamfu sana, akaniuliza mbele ya maelfu ya watu niliwezaje kuingia vile kwenye wimbo wa tatu, kwa usahihi ule. Mdogo wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikafungua mdomo nikasema, "Mazoezi." Yule msichana akapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikapiga mswaki mara mbili.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa chuo, saa kumi alasiri, jua bado linachoma madirishani. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Nilivalishwa hedifoni za kunipa mwendo ili nisikimbie, nami nikasema moyoni, sawa, leo nitapiga kwa mikono yangu mwenyewe, wasikie wenyewe. Nikapiga wimbo wa kwanza kwa nguvu zote. Katikati ya wimbo wa pili fimbo ya kulia ikaniponyoka ikaruka jukwaani. Mkono wangu ulikuwa hewani, mtupu. Na ngoma ikaendelea kulia.

Nikausimamisha na mkono wa kushoto. Ikaendelea. Nikaondoa miguu yote miwili kwenye pedali. Tik tak, tik tak. Walikuwa wamezima vipaza sauti vyangu vyote na kuachia ile kazi ya kompyuta kwenye spika. Wimbo mzima wa kwanza nilikuwa nimepiga kama mtu anayepunga nzi.

Unajua nilifanya nini? Nilikunja mikono kifuani nikakaa. Nikakaa tu, shangazi, nikiwatazama, na dramu "zangu" zinaunguruma ukumbi mzima. Wa mstari wa mbele wakaniona. Nikangoja wakasirike. Nikangoja hata mmoja azomee, arushe chupa, adai kiingilio chake. Wakacheka! Wakainua simu wakanipiga picha, wakashangilia kwa miluzi. Mdogo wangu akageuka, akaniona, akabadilika rangi, halafu akasogelea kipaza sauti akasema, "Dada yangu huyo, anapenda utani!" Ukumbi ukalipuka.

Kesho yake lile gazeti liliandika kwamba utani wa mpiga dramu ulikuwa kilele cha onyesho. Watu wakaitafuta albamu kuliko mwanzo. Nakuapia.

Niliondoka kwenye bendi siku hiyo hiyo. Nilimwomba Sabuni kitu kimoja tu, anipe zile rekodi za siku tisa, nibaki nazo mwenyewe, hasa ule wa baba. Alinijibu kwa simu, nikimsikia anatafuna.

"Tulizifuta zamani. Zilikuwa zinajaza nafasi."

Kwa hiyo hazipo. Hakuna mahali popote duniani zilipo. Mimi nimerudi kwenye makochi kutwa nzima, napigilia misumari, na ninayempigilia kichwani mwangu unamjua.

Jumapili iliyopita mdogo wangu alikuja nyumbani. Hakuwa amekanyaga tangu uzinduzi. Alikuja na viatu vipya na matunda kwenye mfuko, akakaa palepale anapokaa siku zote. Akasema kuna maonyesho kumi na mawili yamepangwa na wanataka nirudi.

"Nirudi kupiga?"

"Nyimbo mbili tatu unajifanya unapiga," akasema, akitazama matunda, "halafu unakunja mikono unakaa. Kama siku ile. Watu wanaipenda sana ile, dada."

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno ya miezi mitano, shangazi, mengine yasiyoandikika kwenye barua ya mtu unayemheshimu. Lakini mama akanitangulia. Hakuinua sauti, wala hakuinua macho kutoka kwenye sweta aliyokuwa akiitia vifungo.

"Na wewe mwanangu," akamwuliza, "ile sauti, ni yako?"

Chai yake ya maziwa ikafanya utando, yeye anaitazama tu. Alikaa vile vile alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo na amevunja kitu.

"Nusu, mama," akasema. "Zile za juu siwezi. Waliziinua kwa kompyuta. Kwenye onyesho nafungua mdomo tu."

Mama akakata uzi kwa meno. Na mimi nilibaki nimesimama katikati ya chumba na matusi yangu yote mdomoni, sina pa kuyatemea.

Najua unatarajia niseme nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Niliimwaga chai yake kwenye sinki, nikamletea nyingine ya moto, akanywa, akaenda zake. Ndipo nilipofika hadi leo, na sitakudanganya kwamba nimefika mbali zaidi.

Nisalimie mumeo sana, na mwambie dawa ya kikohozi hainywewi na sigara. Wabusu pacha, yule anayelala chumba cha mbele mara mbili kwa sababu alinichorea picha. Msalimie na binamu yangu mshonaji, bado nina deni la kumjibu barua yake. Mama anasema wifi yake asipoweka mguu juu ya kiti atakuja mwenyewe kuufunga kwa kamba.

Mungu akupe usingizi mzuri, magoti mepesi na bosi mwenye huruma, akulinde kwenye sakafu zile zenye maji.

Ni mimi nikupendaye, mtoto wa kaka yako,

Kishindo